Thamostati ya Baba Shiko

Jumatatu ile gari langu lilichemka karibu na Juja, saa sita na dakika ishirini mchana, likiwa limebeba ugali, ndengu na nyama ya watu tisini. Mwezi wa saba, jamani. Watu wamevaa makoti na kofia za sufu, jua halijaonekana tangu Ijumaa, na boneti yangu inatoa mvuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mshale wa joto ulikuwa umelala kwenye nyekundu, haujisumbui hata kutikisika.

Wanja, mwenzangu wa jikoni, alikuwa nyuma amekumbatia sufuria ya ndengu.

"Mama Mitchell, tushuke tusukume?"

"Tusukume mpaka Thika?"

"Si nauliza tu. Hasira yote ni ya nini?"

Hasira ilikuwa ya hivi. Kuna kiwanda kimoja Thika kinachoshona magunia, na aliyekuwa akiwapelekea chakula cha mchana alikuwa amewachosha. Msimamizi wao, mama mmoja anaitwa Ngendo, alikula hotelini kwangu, hapa mtaani Kimbo, siku moja akipita, akalamba vidole, akaniuliza kama naweza kulisha watu tisini. Mimi? Hoteli yangu ina viti kumi na sita na ilikuwa haijui kukaa na watu chini ya ishirini. Wengine hula wamesimama. Wengine hawali, wanakuja tu kusikia nani ameachwa, na nani amejenga Murera kwa pesa za nani. Nyumba tupu hunipa homa. Watu tisini kila siku, wote wakila chakula cha mkono wangu! Hiyo kazi niliitaka mpaka nikaiota.

Ngendo akanipa siku tatu za majaribio: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Chakula kifike saa saba kamili, kwa sababu kengele ikilia wafanyakazi wana nusu saa tu.

"Ukichelewa mara moja nitavumilia," aliniambia. "Mara ya pili, usijisumbue kuja."

Basi pale Juja tulimwagia Hedimasta mitungi mitatu ya maji, tukangoja, tukamwagia tena. Hedimasta ndilo jina la gari. Ni stesheni wagoni ya mwaka wa themanini na tisa, niliyonunua kwa mwalimu mkuu mstaafu kule Murera, na jina likaja nalo pamoja na vumbi la chaki. Tulifika Thika saa saba na dakika thelathini na tano. Ngendo alikuwa amesimama langoni. Nyuma yake watu walikuwa wanapangusa midomo, wameshakula mandazi ya dukani na wanarudi kwa mashine.

Hakupiga kelele. Aliinua kidole kimoja tu.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu umbea usio na mwanzo ni kelele.

Hedimasta alianza kupata joto mwezi wa tatu. Wakati huo makanika wangu alikuwa Gachau, Baba Shiko, mwanamume mpole wa miaka hamsini na kitu. Gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na mlango wangu, na alikuwa amekunywa chai kwangu miaka tisa. Aliingiza mkono chini ya boneti, akashika mpira wa maji wa juu, akashika wa chini. Mmoja moto, mwingine baridi.

"Mama Mitchell, thamostati imekufa ikiwa imefunga," akasema. "Ni kamlango kadogo ka chuma. Injini ikiwa baridi kanafunga maji yasiende kwa rediata, ikipata moto kanafungua. Hii yako haifungui tena. Tununue ingine, tena ile yake kabisa, na tuache kutumia maji ya kisima. Tuweke kulanti, ile dawa ya rediata."

Angeniambia hivyo tukiwa wawili, labda ningemsikiliza. Lakini ilikuwa asubuhi, hoteli imejaa, na Jared alikuwa ndani. Jared ni mtu wa bodaboda. Hajawahi kumiliki gari, lakini magari yote ya Kimbo ameyatibu kwa mdomo. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Thamostati? Hiyo ni ya wazungu wa barafu! Huku Afrika gari linatafuta joto la nini? Hiyo hutolewa, inatupwa. Mathe, huyu anataka kukuuzia koti la gari!"

Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Nami nikiona watu wanacheka huwa siwezi kujizuia, nataka kicheko cha pili kiwe changu. Kufikia saa nne nilikuwa nimeisimulia mara sita, na kila mara hadithi ikinenepa. Saa sita, Gachau alikuwa ananiuzia koti la gari na kofia yake. Jioni alikuwa ameshamuuzia mjane mmoja wa Murera, akamchukulia pesa ya mbolea. Mjane huyo hakuwepo. Nilimweka tu kwa sababu hadithi ilitaka mtu wa kuhurumiwa.

Zacharia, makanika mwingine aliyekuwa amefungua juzi karibu na steji, akaitoa ile thamostati kwa dakika kumi. Akaniwekea juu ya kaunta: kichuma cha mviringo chenye springi, kidogo tu, kinakaa kwenye kiganja. Na Hedimasta akapoa! Nilikuwa naenda soko la Ruiru na kurudi, mshale uko chini kabisa. Nikakiacha kile kichuma pale kando ya vijiti vya meno, na kila mteja aliyekiuliza nilimpa hadithi pamoja na chai. Watu wakaanza kumwita Gachau "Barafu". Magari yakaacha kuingia kwake. Mwezi wa tano akafungasha spana zake akahamia Thika, nami nikasema mbele ya watu, nikiwa nimeshika kiuno: mwenye haki hahami.

Sasa rudi Jumatatu jioni. Gari limeegeshwa mbele ya hoteli, boneti wazi, na kila mtu wa Kimbo mwenye mdomo amekuja kuutumia. Siku nyingine ningefurahi. Zacharia akabadilisha kifuniko cha rediata. Halafu akaunganisha feni moja kwa moja na betri, izunguke bila kupumzika. Halafu akaona tone la maji linaanguka chini.

"Hiyo ni kutoboka kadogo," akasema Jared. "Wekeni bizari."

"Bizari gani?"

"Si hiyo ya chakula. Inaziba. Kasini yangu alifika Busia na bizari."

"Alifika, ama alifikishwa?" Wanja akauliza.

Ningemsikiliza Wanja. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi ndiye mwenye gari, na ilibidi kitu kifanyike. Nikaleta kopo zima. Bizari yangu ile nzuri, ile huwa nafichia Wanja asiimalize. Zacharia akaimimina kwenye rediata kwa kijiko cha chai, kwa heshima, kama dawa ya mtoto. Jumanne tukaenda Ruiru na kurudi, mshale chini. Nikagawa mandazi ya bure.

Jumatano Hedimasta akachemka Witeithie.

Safari hii mvuke ulitoka na harufu. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu, kitambaa mkononi, nimevuta pumzi ya kutukana, mama mmoja aliyekuwa akingoja gari upande ule akavuka kuja kwangu.

"Sahani ni ngapi?"

"Sahani ya nini?"

"Si ya pilau."

Wanja akageuza uso, nikaona mabega yake yanatikisika. Huwa ninajua kucheka, lakini siku hiyo nilitaka kupiga mtu. Ilikuwa saa sita na nusu. Nikampigia Zacharia, hakushika. Nikapiga tena. Nikazunguka gari mara tatu. Nikapiga teke tairi, kidole cha mguu kikaumia, sasa nikawa na shida mbili.

Tuliokolewa na tumbo la mtu. Nzioki, dereva wa lori la mawe, hula kwangu kila jioni, na aliitambua sura ya Hedimasta kutoka mbali.

"Mama Mitchell! Leo unauzia barabarani?"

"Nzioki, usinichekeshe, nitakulilia hapa."

"Leta sufuria. Pandeni."

Tukazipanga sufuria juu ya mawe, Wanja akakaa katikati yake kama malkia wa machimbo. Tuliingia lango la kiwanda saa saba kasoro dakika tatu. Ngendo akatazama lori, akatazama vumbi jeupe juu ya vifuniko, akanitazama mimi.

"Hiki ni chakula ama ni ujenzi?"

"Ndani ni safi. Fungua uone."

Alifungua. Ilikuwa safi. Lakini alipokuwa anafunika akasema taratibu, "Ijumaa meneja atakuja mwenyewe. Anataka kuona gari linaloleta chakula cha watu wake. Gari lako, mama. Sio hili la mawe. Na saa saba ni saa saba."

Hedimasta alivutwa kwa kamba mpaka Kimbo. Zacharia alimfungua, akachungulia, akapangusa mikono kwa namna ambayo daktari hupangusa.

"Injini imekwisha. Hedi, kile kichwa chake cha chuma, imepinda. Hii uza kwa kilo."

"Juzi ulisema ni kifuniko. Halafu ukasema ni feni."

"Gari kuukuu ni kama mzee. Leo mguu, kesho macho."

"Labda bizari ilikuwa kidogo," akasema Jared.

Nilimrushia mwiko. Ulimpata.

Jioni hiyo nilikuwa nasugua sufuria kana kwamba zimenikosea. Wanja akasuuza zake tatu, kisha ya nne.

"Kuna mtu anaijua hiyo gari," akasema.

"Usimtaje."

"Sijamtaja."

"Umemtaja kwa sura."

"Atiriri, sikiliza, Mama Mitchell. Kesho ni Alhamisi. Keshokutwa ni Ijumaa. Unataka nihesabu na vidole?"

Alhamisi asubuhi nilifunga chapati kumi kwenye karatasi nikaenda Thika. Nilimpata Makongeni, kwenye gereji ya mtu mwingine, amepewa kona chini ya bati lenye matundu. Kilichoonekana ni miguu tu, imetokeza chini ya pikapu. Viatu vilikuwa vilevile.

"Habari yako, Baba Shiko."

Miguu ikaacha kusogea.

"Hiyo sauti naijua."

"Nimekuletea chapati."

"Weka hapo kwa tairi."

Nikaweka. Akatoka polepole, akakaa palepale chini. Alikuwa amekonda shingo. Sikujua nianzie wapi, na mimi sijawahi kukosa pa kuanzia. Nikamweleza habari ya gari. Alikuwa anasikiliza huku anasugua nati moja kwa kitambaa.

"Waliitoa?"

"Waliitoa."

"Ruiru na kurudi haichemki. Ukiipakia mzigo uende mbali, inachemka."

"Umejuaje?"

"Na rediata ikichemka hivyo, kuna mahali iko baridi?"

"Sijui. Hatukushika."

"Hamkushika." Akageuza nati. "Na bado mnaweka maji ya kisima. Yale yanaacha ukoko kwa birika yako, si ndiyo? Sasa fikiria ndani ya rediata. Na nini ingine mmeweka?"

Nikatazama bati.

"Mama Mitchell. Na nini ingine?"

"Bizari."

Akafumba macho. "Ngai," akasema, akimwita Mungu.

"Utanisaidia? Ni kesho. Nikichelewa kesho, hiyo kazi imekwenda."

"Hapana."

Alisema bila hasira, ndiyo maana iliniuma. Nikaanza kusema ilikuwa utani, kila mtu alijua ni utani, Kimbo si tunataniana.

"Wewe ulikuwa unatania," akasema. "Mimi nilikuwa nafanya kazi. Shiko wangu walimwita Barafu shuleni. Mama yake alienda dukani kununua sukari, mwenye duka akamuuliza kama yule mjane wa Murera alirudishiwa pesa yake. Unajua nilifanya nini? Nilienda Murera. Siku nzima, naingia kwa watu, nauliza: kuna mama hapa mwenye gari, bwana yake alikufa, niliwahi kumtengenezea? Nilidhani labda kweli kuna mtu nilimkosea nikasahau."

Nilitaka nimwambie huyo mjane nilimtoa wapi.

"Nisamehe," nikasema. Nikaanza kupiga magoti, si mchezo.

"Simama. Hapa ukipiga magoti unachafua sketi tu. Hakuna mtu wa Makongeni aliyenisikia nikisemwa." Akainuka yeye. "Ulinisemea wapi?"

"Hotelini."

"Nyumba ikiwa imejaa?"

"Imejaa."

"Nitakuja saa kumi, wakati wa chai. Iwe imejaa. Mimi nitatengeneza, na wewe utasema. Yote. Na huyo mjane."

Akaenda kwa sanduku lake la spana, akatoa kitu kimefungwa karatasi ya gazeti. Ilikuwa thamostati mpya, bado na mafuta yake.

"Unayo?" nikashangaa. "Ya Hedimasta?"

"Nilinunua mwezi wa tatu," akasema. "Asubuhi ile ile, kabla sijasikia unavyonisema. Nilijua utakubali."

Saa kumi hoteli ilijaa mpaka mlangoni. Sikuhitaji kuwaita; Jared alikuwa amewaita wote, kwa steji, kwa kinyozi, mpaka kwa fundi cherehani, kwamba Barafu anarudi na kutakuwa na vita. Gachau hakumtazama mtu. Alifungua rediata na mipira, akaacha maji yatoke. Yalitoka manjano, mazito, yana vipande. Mtu akasema yanahitaji chapati, watu wakacheka. Akasafisha. Akamwaga. Akasafisha tena, mara ya tano, mara ya sita, mpaka maji yakatoka meupe. Alitoa feni kwenye ule waya wa Zacharia, akairudisha ilikokuwa. Zacharia mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono mfukoni.

"Mama Mitchell," Gachau akaita. "Teleka sufuria ndogo ya maji."

Nikateleka. Akachukua kile kichuma cha kaunta, akakifunga uzi. Akafunga ile mpya uzi wake. Akazitumbukiza zote mbili kwenye maji hayo, ndani ya sufuria ninayopikia chai, tukainama watu wote kuzunguka jiko kama tunaangalia mtoto mchanga. Maji yakaanza kufoka pembeni. Ile mpya ikatikisika, katikati yake pakaachana polepole, pakafunguka. Ile ya zamani ilibaki imefunga. Maji yakachemka kabisa, yakarukaruka, ikabaki imefunga.

"Woi," akasema Jared.

"Imefunguliwa na barafu?" Gachau akamuuliza.

"Hapana. Ni moto."

"Na Afrika hakuna moto?"

Jared akatafuta kitu cha kutazama kwenye dari.

"Sikilizeni," Gachau akasema, sasa anaongea na nyumba nzima. "Hii hoteli ina mlango wa mbele na wa nyuma. Kama hakuna mtu wa kuelekeza watu, nusu yao wanapita tu, wanatokea nyuma, hawafiki kwa kaunta. Ndivyo mlivyofanya. Mkiitoa thamostati kwa hii injini, kuna njia ya mkato inabaki wazi. Maji ya moto yanarudi kwa injini hayajapita rediata. Safari fupi hamtaona. Safari ndefu, na mzigo, na rediata imezibwa na ukoko wa kisima kisha bizari, mtaona." Akanigeukia. "Sasa sema."

Watu wakanitazama. Nyumba imejaa, macho yote kwangu. Mahali ninapopapenda kuliko kanisani.

"Jamani," nikaanza, "si mnaujua huu mdomo wangu. Hauna breki, hauna klachi, na yenyewe thamostati ilitolewa zamani..."

Wakacheka. Hata Zacharia. Nikahisi joto zuri la kicheko likipanda, nikafungua mdomo niongeze.

Gachau akaweka spana chini.

"Sio hivyo. Uliponisema ulichekesha. Ukiniosha pia ukichekesha, watabeba kicheko waende nacho. Anza tena."

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimepika matanga ya watu mia tatu. Nikasema, maneno makavu kama ugali wa jana. Kwamba Baba Shiko hakuniibia. Kwamba aliniambia ukweli mwezi wa tatu, nami sikuuelewa, na sikuuliza, nikaugeuza kichekesho kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa. Kwamba watu walitoa magari kwake kwa ajili yangu. Kwamba hakuna mjane wa Murera. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga nikiwa nachambua ndengu.

Hakuna aliyecheka. Jiko lilikuwa linalia peke yake.

Kutoka kona ile, Awiti, fundi cherehani, akaweka kikombe chini.

"Na ile uliyosema ya mume wangu na dada wa duka la dawa?"

"Hiyo niliisikia," nikasema.

"Uliisikia, ama uliitunga?"

"Niliisikia nusu."

Awiti akasimama. Miezi minne alikuwa amemnunia yule mwanamume. Sote tulijua, mimi ndiye niliyewajulisha. Akatoka, hakumaliza chai. Kisha mtu mwingine akatoka, na mwingine, na kila anayetoka nilikuwa namwona akihesabu kichwani mambo niliyomwambia. Saa kumi na mbili jioni, saa yangu ya kupungukiwa na viti, nilikuwa na viti kumi na viwili vitupu. Gachau alikuwa ameshaiweka ile thamostati mpya, anakaza nati za mwisho. Hakuinua macho kuona nani amebaki.

Akamimina kulanti ya kijani. Akawasha. Akangoja, akashika mpira wa juu, akashika wa chini, akaniita.

"Shika."

Nikashika. Yote miwili ilikuwa moto.

"Hedi haijapinda," akasema. "Usiweke maji ya kisima tena."

Nikamlipa bei ileile ya mwezi wa tatu, hakuongeza, hakupunguza. Chai nilimwekea, hakuinywa. Kabla ya kuondoka alichukua ile thamostati mbovu kutoka kwenye sufuria, akaikausha kwa kitambaa chake, akairudisha kando ya vijiti vya meno.

"Ikae hapo. Mtu akiuliza ni nini, umwambie hivyo ulivyosema leo. Bila chumvi."

"Utarudi Kimbo, Baba Shiko?"

Akatazama ng'ambo ya barabara. Pale ilipokuwa gereji yake sasa wanauza kava za simu.

"Nitarudi wapi?" akasema, akaenda.

Ijumaa tuliondoka saa tano na nusu. Nilikuwa nimeshika usukani kama nanyonga kuku. Juja nikangoja mshale upande. Haukupanda. Witeithie Wanja aliacha kupumua, nikamsikia. Mshale ulikaa katikati, palepale, kama mtu aliyekaa kanisani. Tuliingia lango la Thika saa sita na dakika kumi, mapema mpaka mlinzi akatuuliza kama tumepotea. Meneja alikuja, mwanamume mfupi, akafungua mlango wa nyuma wa Hedimasta, akaingiza pua.

"Kuna harufu ya pilau."

"Ni gari, mzee."

"Nzuri," akasema.

Watu tisini walikula. Wengine waliomba mara ya pili. Ngendo akanipa karatasi nitie sahihi: kila siku ya kazi, hadi Desemba. Alitabasamu kwa mara ya kwanza, na Wanja alinikumbatia mpaka kitambaa kikanitoka kichwani. Nilirudi Kimbo mbio, nimejaa habari kama mtungi, nikaingia hotelini kuitangaza. Kulikuwa na watu sita. Wawili walikuwa wanatazama simu. Wengine waliposikia hatua zangu waliteremsha sauti, kama mimi nilivyozoea kuteremsha nikiona mtu ninayemsema.

"Tumepata," nikasema.

"Kweli?" mmoja akauliza. Hakuwa anashangilia. Alikuwa anauliza.

Jumatatu iliyofuata, baada ya chai ya asubuhi, aliingia mgeni, mwanamume mwenye suruali iliyojaa saruji, wa mjengo wa kule nyuma. Jared alikuwa ndani, chapati mdomoni, alama ya mwiko bado sikioni. Mgeni akalipa, akachukua kijiti cha meno, akaona kile kichuma, akakigeuzageuza mkononi.

"Mathe, hii ni nini?"

Jared akaacha kutafuna. Wanja akatoa kichwa jikoni. Wateja wengine wanne waliokuwemo wakageuka.

Nikafuta mikono kwa leso.

"Kaa chini," nikamwambia yule mgeni. "Ni ya mtu anaitwa Baba Shiko."